Mfungo wa Siku ya Mpira

"Zima moto, mama Akeyo! Zima hiyo moto kabla haijamaliza kuni yako bure!"

Nyanchama alikuwa bado mbali, kwenye kona ya mikaratusi, akiteremka mbio huku mkono mmoja umeshika kitambaa cha kichwa na mwingine umekumbatia mkungu wa ndizi. Jerusa hakugeuka. Ukishaanza kukoroga pipa zima la mahindi na maharagwe huwezi kugeuka ovyo. Yakishika chini mara moja tu, harufu ya kuungua itapanda hadi juu na hakuna atakayenunua. Mwiko wake ulikuwa mpini wa jembe uliochongwa, na hata hivyo ilimbidi asimame juu ya jiwe ili afike chini.

"Nizime kwa nini? Mpira umeahirishwa?"

"Afadhali ungeahirishwa." Nyanchama aliutua mkungu, akashika kiuno, akahema. "Mwalimu Alfayo amesimama kwa maombi ya asubuhi. Amesema kambi yote ya Tilolwet inafunga leo. Mtu asitie kitu kwa mdomo mpaka mechi iamuliwe."

"Kambi yote?"

"Yote. Hata wale hawajawahi kuona mlango wa kanisa wameitikia amina. Hao ndio walipiga kelele zaidi."

Mwiko ukasimama. Kwenye mafiga ya Jerusa palikuwa na mapipa mawili, nusu nusu, yaliyokatwa na fundi wa kiwandani, yote mawili yamejaa nyoyo, kama watu wa ziwani wanavyoyaita mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Kando yake yalipangwa madebe matatu ya uji wa wimbi uliochachushwa kwa siku mbili, na debe moja tupu lililosubiri chai ya vumbi, maziwa na sukari nguru. Chakula hicho kingeshibisha watu mia tano, na cha kubaki kingelaza mbwa wao chali.

"Na maharagwe," Nyanchama alisema kwa sauti ya chini, akichungulia ndani ya pipa, "ni yale?"

"Ni yale."

"Yote?"

"Nimekuambia ni yale, mama Ogeto. Nikuhesabie moja moja?"

Yalikuwa maharagwe ya mbegu. Mekundu, yenye doa jeupe mgongoni, aliyopewa na mama yake huko ziwani mwaka ule nzige walipopita. Mama yule aliyaficha ndani ya mtungi na mtungi ndani ya shimo, na inasemwa nzige walikaa juu ya shimo hilo siku tatu wakinusa. Jerusa aliyapanda, akavuna, akaweka tena debe moja na nusu kwa ajili ya masika ya mwaka huu. Mumewe, Kepher, alipoomba ruhusa kiwandani kwenda nyumbani kutazama ng'ombe, alimwacha na neno moja tu: nikirudi nikute umepanda. Sasa ilikuwa mwisho wa Februari, mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka hadi kwenye vilima vya chai, na mbegu zote zilikuwa zinachemka.

Mtu asimwone mjinga upesi. Jerusa alikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo aliipata kwa macho mwaka uliotangulia, siku kama ya leo, Tilolwet walipocheza na kambi jirani ya Marus.

Siku za kawaida mwanamume wa kambi akishika ndururu huishika mpaka tundu lake linamwachia alama kidoleni. Atauliza bei ya uji, ataondoka, atarudi, atauliza tena kana kwamba uji umepungua bei alipokuwa njiani. Lakini siku ya mpira huyo huyo hutoa ndururu bila kuitazama. Kabla ya mchezo hula kwa sababu ya wasiwasi. Goli likiingia, hunywa na kumnunulia jirani ambaye hata jina lake halijui. Likiingia la upande wa pili, hula kwa hasira, akitafuna kana kwamba mahindi ndiyo yaliyokosa mpira. Mwaka ule Jerusa alikuja na sufuria moja. Kipindi cha kwanza hakijaisha, watu walikuwa wanakwangua ukoko, na mzee mmoja alilipa ili apewe mwiko aulambe. Jerusa alilala siku hiyo akiwaza sufuria alizokosa kupika. Akaapa kwamba mwaka unaofuata mpira hautamkuta na sufuria moja. Maharagwe ya kununua yalikuwa adimu. Ya mbegu yalikuwa ndani ya nyumba. Angepika, angeuza, Jumatatu angekwenda Kericho kwa Mhindi na kurudi na mbegu maradufu. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri. Ila haikuwa na mahali pa Mwalimu Alfayo.

"Shika mwiko," alimwambia Nyanchama. "Usiache kukoroga. Naenda kwake."

Alimkuta Mwalimu nyuma ya kanisa la nyasi akipaka mafuta ya nyama viatu vya wachezaji, viatu sita kwa watu kumi na mmoja, maana wengine walipenda kucheza kwa vidole vyao walivyovizoea. Alfayo alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye koti lililokuwa la mtu mnene.

"Mwalimu, habari ya asubuhi."

"Nzuri, mama. Umesikia neno?"

"Nimesikia. Ndiyo nimekuja. Mwalimu, nimepika."

"Umepika kidogo?"

"Mapipa mawili."

Alfayo aliacha kupaka. Alitazama chini, akatazama juu, kama anayetafuta mahali palipoandikwa jibu. "Mama, tumepigwa na Marus miaka mitatu. Mwaka wa kwanza tulisema ni uwanja. Wa pili tukasema ni karani, hapulizi filimbi sawa. Wa tatu tukakosa cha kusema. Sasa nimesema tujaribu kufunga. Nikitengua neno leo asubuhi, nani atanisikiza tena?"

"Na wachezaji nao wamefunga?"

"Wao ndio wa kwanza."

"Mwalimu! Watakimbia na nini?"

"Na imani."

Jerusa alifikiri kidogo. "Na mpaka lini?"

"Mpaka mechi iamuliwe. Filimbi ya mwisho, mama, watu wote ni wako. Utaona."

"Tukipigwa mara ya nne nani atakula? Si mtakwenda kulala mmefunika vichwa?"

Alfayo alirudia kupaka mafuta. Jerusa alikwisha geuka kuondoka aliposimama tena. "Mwalimu, hiyo mfungo ni ya Tilolwet peke yake?"

"Ya Tilolwet peke yake. Marus si kundi langu."

Njia nzima ya kurudi Jerusa alitembea kama mtu aliyepata barua nzuri. Marus! Watu wa Marus, wengi wao kutoka milima ya Kisii kama wa Tilolwet walivyotoka ziwani, wangetembea maili sita kupanda na kushuka ndipo wafike uwanjani, na mtu aliyetembea hivyo huingia mahali akitanguliwa na tumbo. Yeye na Nyanchama, kwa msaada wa wanaume wanne wa Tilolwet waliobeba huku wamegeuza pua pembeni, waliyahamisha mapipa hadi upande wa chini wa uwanja, pale njia ya Marus inapotokea. Wakayafunika kwa majani ya mgomba. Wakachochea moto. Jerusa akainua jani kidogo, upande wa njia, mvuke upate kwenda kupokea wageni.

Marus walifika saa saba, wakiimba, kundi kubwa hata vumbi lao lilifika dakika tano kabla yao. Mbele alitangulia nyapara wao, mzee Omwenga, kifua mbele, kofia ya jua kichwani, fimbo chini ya kwapa.

"Karibuni, karibuni wageni!" Jerusa aliita. "Poleni na safari. Mzee Omwenga, karibu nyoyo, karibu uji. Ndizi za kwenu pia ziko, mama Ogeto amezipasha vizuri."

Kundi lilisimama. Jerusa aliona pua zikipanuka mstari mzima, kama ng'ombe waliofika mtoni. Omwenga peke yake hakutazama pipa. Alitazama mawingu.

"Tumesikia kule daraja," alisema, "ya kwamba hawa watu wa samaki wamefunga kula ili watushinde."

"Hao ni wao, mzee. Nyinyi ni wageni, kuleni."

"Wamefunga chakula, si ndiyo?"

"Chakula, ndiyo."

"Basi sisi tumefunga chakula *na* maji." Omwenga aligonga fimbo chini. "Tangu daraja. Hakuna mtu wa Marus amemeza hata mate."

Nyuma yake mtu mmoja alikohoa kwa uchungu. Nyanchama alishindwa kujizuia. "Mzee, sasa hiyo ni nini? Nani aliwashauri?"

"Wewe ni mwana wetu, Nyanchama, na unauza kwa hawa. Nyamaza." Kisha, kwa sauti iliyolegea kidogo, "Hizo ndizi umepasha kwa majivu?"

"Kwa majivu."

Omwenga alifumba macho, akameza kile alichosema hakuna aliyekimeza, akaongoza watu wake hadi upande wao wa uwanja.

Jerusa alikaa juu ya jiwe. Mbele yake watu mia tano na zaidi, wenye ndururu mifukoni, wenye njaa ambayo haijapata kuonekana katika nchi ile ya chai, na hakuna mkono hata mmoja uliomnyooshea kata. Nyoyo ingelala, na kesho ingechacha. Mbegu ya mama yake ingepewa nguruwe wa kiwandani.

Kuhusu mchezo wenyewe, waliouona hawakubaliani, ila kwa jambo moja: haukuwa na mbio. Ulikuwa mchezo wa watu ishirini na wawili waliokuwa wakielekea kwenye mpira kwa heshima. Mchezaji akianguka alikaa pale kidogo, akipumzika, na aliyemwangusha aliketi naye. Kuku mmoja wa kambi alivuka uwanja kutoka kaskazini kwenda kusini, akaona hakuna haraka, akarudi. Winga wa Tilolwet, Oyoo, kijana mrefu ambaye kwa kawaida alikula sahani tatu kisha akauliza kama chakula kimeiva, alipata mpira peke yake mbele ya goli. Aliupiga. Mpira ulikwenda polepole, ukasimama kwenye mstari, ukafikiri, ukaingia kwa msaada wa mteremko. Watu wa Tilolwet walishangilia wakiwa wameketi. Baadaye Marus nao walipata lao, na hakuna anayekumbuka vizuri nani aliyelitia, kwa maana mlinda goli alikuwa ameinama akishika tumbo.

Goli moja kwa moja. Karani Atuti, mwenye filimbi, alitazama saa yake ya mnyororo. Ndipo mbingu ya Kericho ilipofunguka.

Kwanza ulisikika mlio juu ya mikaratusi, kama watu elfu wanaomimina mahindi juu ya bati. Halafu mawe yakafika. Madogo, kisha makubwa kama mayai ya njiwa, kisha moja moja kubwa kiasi ambacho sitakitaja. Majani ya chai yaliruka vipande vipande. Mpira ulipigwa mara nyingi zaidi kwa dakika moja kuliko ulivyopigwa na wachezaji mchana kutwa. Atuti alipuliza filimbi, ikajaa barafu, akakimbia.

"Mapipa!" Jerusa alipiga kelele. "Shikeni mapipa!"

Na hapa pana jambo la ajabu. Watu wale waliokataa chakula chake, wa Tilolwet na wa Marus, wanane kwa pipa, waliyanyanyua mapipa yale ya moto kwa magunia na vijiti wakakimbia nayo chini ya mawe bila kumwaga punje. Mtu anaweza kuacha mpira unyeshewe. Nyoyo hawezi.

Wote waliingia banda la kupimia majani. Banda lilijengwa kwa watu sitini na vikapu vyao. Siku ile liliingiza mia tano, mapipa mawili, madebe manne na kuku. Walibanana hata mtu akikohoa, ni kifua cha jirani kilichotikisika. Nje kulikuwa kweupe kama chumvi, na vipande vya barafu vilipenya kwenye nyufa za mbao. Ndani, mvuke wa nyoyo ulipanda hadi kwenye bati, ukakosa njia ya kutoka, ukashuka tena juu ya nyuso za watu.

Karani Atuti alipanda juu ya mzani. "Sikilizeni! Uwanja umeharibika. Mechi haijaisha. Itarudiwa."

"Lini?" Alfayo aliuliza.

"Mwezi ujao. Bwana meneja akirudi kutoka Londiani, yeye ndiye mwenye mpira."

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Mpaka mechi iamuliwe. Mwezi ujao. Alfayo aliweka mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, kama anayeubariki ujinga wake.

"Mwalimu," mtu mmoja alisema kwa unyenyekevu, "hiyo neno lako la asubuhi..."

"Marus waseme kwanza," Alfayo alijibu.

"Marus hawasemi kitu," alisema Omwenga. "Atakayekula kwanza ndiye ameshindwa. Sisi tunaweza kukaa."

"Hata sisi tunaweza."

"Kaeni basi."

"Tumekaa."

Jerusa aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alijua moto wake umebaki nje. Kitu kilichokuwa moto sasa kingekuwa vuguvugu saa kumi, baridi saa kumi na moja, na mahindi baridi hayauziki hata kwa mwendawazimu. Aliinua jani la mgomba, akakoroga taratibu, pasipo haja. Mtu mmoja karibu yake alilia kidogo, akasingizia mvuke.

Ndipo sauti kutoka upande wa Marus ikapiga yowe. "Anatafuna! Yule mrefu wao anatafuna!"

Vichwa vyote viligeuka kwa Oyoo. Oyoo alisimama wima, midomo imebanwa, macho ya ng'ombe aliyekutwa katika shamba la mtu.

"Fungua!" Omwenga aliamuru.

Oyoo alifungua. Juu ya ulimi palikuwa na kipande cha barafu, kidogo kama jino.

"Amekula! Tilolwet wamekula! Mechi imekwisha!"

"Hajala! Hayo ni maji!"

"Sisi tumefunga hata maji!"

"Nyinyi mlifunga maji kwa kiburi chenu! Sisi maji ni ruhusa!"

"Maji yanatafunwa? Umewahi kuona mtu anatafuna maji?"

Omwenga aliinua fimbo. "Mwalimu, wewe unasoma. Ile mana ya jangwani ilitoka wapi? Si juu? Ikaanguka chini, watu wakaokota, wakala. Hii nayo imetoka juu, imeanguka chini, huyu ameokota. Ni chakula."

"Mana haikupasua paa za watu," alisema Alfayo. "Mvua ya mawe ilikuwa pigo la Misri. Imeandikwa. Nani anakula pigo?"

Upande wa Tilolwet ulipiga makofi. Omwenga aligeuka nyuma kana kwamba anashauriana na ukuta, akakaa hivyo kidogo akiwa ameinama penye ufa wa mbao.

"Tusipigane," alisema karani Atuti juu ya mzani. "Hii si kazi ya filimbi. Aulizwe mtu anayejua chakula ni nini." Akanyoosha kidole. "Mama Jerusa. Barafu ni chakula, si chakula?"

Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake. Jerusa aliona wazi pande zote mbili za swali hilo, na zote mbili zilikuwa mbaya. Akisema ni chakula, Tilolwet wameshindwa mara ya nne, tena kwa ulimi wa Oyoo. Kambi yake mwenyewe itakwenda kulala imefunika vichwa, na Marus watashangilia wakiwa njiani kabla giza halijawakuta. Akisema si chakula, mfungo unaendelea hadi mwezi ujao, kama yupo atakayefika mwezi ujao.

Alitazama. Kazi ya kuuza chakula kandokando ya njia ni kazi ya kutazama midomo: nani amemeza mate, nani anajifanya hana njaa, nani amekwisha kula kwingine. Akaona kwamba mzee Omwenga, aliyekuwa akisema zaidi ya watu wote, sasa amenyamaza kabisa. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kidogo, na alipofika halikuwa na uvimbe. Tone la maji lilishuka kidevuni. Jerusa akageuza macho polepole, akapita mstari kwa mstari. Banda lilikuwa kimya mno. Watu mia tano wasionyamaza hata kanisani, na sasa hakuna anayenong'ona.

"Nitaamua," alisema. "Lakini mpishi haamui kitu asichokiona. Huyu Oyoo nimemwona. Sasa nataka kila mtu afungue mdomo. Tuanze na wazee. Mzee Omwenga, kwa heshima yako."

Omwenga alimtazama. Alitazama mlango. Kisha akameza, na wote waliokuwa karibu waliliona jiwe likishuka kooni mwake, taratibu, kama panya ndani ya nyoka.

Aliyeanza kucheka alikuwa Nyanchama, na kucheka ndiko kulikowaponza, maana huwezi kucheka huku umebana midomo. Mtu wa kwanza wa Marus alicheka, jiwe likamtoka, likagonga sakafu. Wa Tilolwet akamcheka, la kwake nalo likaanguka. Kisha banda zima likacheka, na barafu zikamwagika juu ya mbao za banda kwa mlio ule ule wa maharagwe yanapopigwa fimbo yaachie maganda. Mashavu yaliyokuwa mviringo yakawa bapa. Alfayo alitoa leso mfukoni, akageuka pembeni kwa adabu, akaiweka mdomoni, akaikunja ikiwa imelowa.

"Hata wewe, Mwalimu?" Jerusa aliuliza.

"Ilikuwa ndogo, mama."

"Sare," alisema karani Atuti.

"Kwa barafu, sare," Omwenga alikubali, akijifuta kidevu. "Kwa mpira bado."

"Sawa, kwa mpira bado," alisema Jerusa, naye alikwisha funua mapipa yote mawili. "Sasa sikilizeni. Hili la kulia ni la Tilolwet. Hili la kushoto ni la Marus. Nataka kuona ni watu gani watakaofika chini kwanza."

Hakuhitaji kurudia. Hakuna filimbi iliyowahi kuanzisha mbio kama zile. Ndururu zilimiminika kwenye aproni yake bila mtu kudai chenji. Waliokosa kata walikula kwa kofia. Kofia ya jua ya Omwenga yenyewe ilijazwa uji mara mbili na kuzunguka kwa watu saba, wa pande zote, na mmoja wao akaisifu kwamba haivuji. Ndizi ziliisha na maganda yake. Chai ilichemshwa kwa kuni zilizokaushwa juu ya mvuke, ikanywewa kabla haijageuka rangi. Kuhusu pipa lipi lilifika chini kwanza, Tilolwet wanasema la kulia, Marus wanasema la kulia lilikuwa na ukoko usiokwanguliwa, na ubishi huo, nasikia, una wajukuu sasa. Watu wa Marus walishika njia wakiimba. Watu wa Tilolwet waliwasindikiza hadi darajani, wakiimba wimbo mwingine kwa wakati mmoja.

Jumatatu Jerusa alikwenda Kericho. Maharagwe mekundu yenye doa jeupe hayakuwepo katika duka lolote. Mhindi hakuwahi hata kuyasikia. Alirudi na madebe matatu ya mchanganyiko: meusi, ya njano, ya kijivu kama mawe ya mto, na mengine ya rangi ambayo hakuwa na jina lake.

Akapita kwanza kwa Nyanchama. Nyanchama alikuwa amepanda maharagwe mapema, na miche yake ilikuwa imeota vidole viwili kabla ya mvua ile. Sasa shamba lote lilikuwa limelala chini, limepondwa kama mboga iliyotwangwa.

"Usinitazame hivyo," alisema Nyanchama. "Wewe uliyepika mbegu yako ndiye mwenye akili sasa, eh?"

"Leta jembe, mama Ogeto."

"Na shamba lako?"

"Lako kwanza. Langu halina haraka, halijui hata linapandwa nini."

"Na Kepher akirudi? Akiona yameota rangi rangi?"

"Nitamwambia ni mpira."

Wakaanza kwenye mstari wa chini. Pande zote vilima vya chai vilikuwa vimekwanyuliwa vikabaki vijiti, na kwa siku kadhaa hakungekuwa na cha kuchuma. Kutoka kambini zilisikika sauti za wanaume wakibishana polepole, kama watu wenye siku nzima mbele yao. Nyanchama alichimba, Jerusa akatia mbili mbili na kufukia kwa kisigino. Kwarara mmoja alishuka kutoka kwenye mti, akakunja mabawa, akaanza kuwafuata nyuma, hatua mbili, anasimama, anainamisha mdomo wake mrefu juu ya shimo lililofukiwa, anasikiliza. Jerusa alimrushia bonge la udongo. Ndege akasogea pembeni kidogo, akangoja wapige hatua, akarudi kwenye mstari.